Mbwa Aliyekagua Banda la Kuku

Mjukuu wangu mmoja anaishi Dar es Salaam, amenunua mbwa. Si huyu koko wa jalalani anayejitafutia mwenyewe. Ni yule wa Kizungu mwenye madoadoa, masikio ya kuning'inia, kifua mbele, mbwa wa kuwindia ndege. Amemfungia kwenye kibaraza cha saruji, akirudi kazini anakuta viatu vimetafunwa, mlango umekwaruzwa, majirani wamenuna. Akanipigia simu: "Bibi, huyu mbwa ana wazimu."

Nikamwambia wazimu unao wewe. Mbwa wa aina hiyo namjua. Niliachiwa mmoja, miaka ambayo hata sisi binadamu kula yetu ilikuwa ya kubahatisha, na mwenyewe aliporudi nilimkabidhi akiwa hai. Akataka nimweleze ilikuwaje. Kwenye simu sikuweza, maneno ni marefu na yeye daima ana haraka. Basi naandika. Kusoma kwangu ni chuoni kwa maalimu na darasa la ngumbaru, kwa hiyo atakayekuta herufi imekaa upande, aisome hivyo hivyo.

Kwanza nieleweke: mimi si mpenzi wa mbwa. Sikuwa, na mpaka leo sijawa. Nimelelewa Pangani, kwetu mbwa akipita uani alifukuzwa kwa ufagio na ufagio wenyewe ukaoshwa.

Tulikuwa tukikaa Tanga mjini, Raskazone, katika vyumba vya uani vya nyumba moja kubwa ya zamani. Mwenye nyumba alikuwa Mzungu, fundi wa mitambo kwenye mashamba ya mkonge. Mume wangu alikuwa dereva wake, mimi mpishi wake. Mzungu yule alikuwa mjane, hana mtoto, ana mbwa. Kichwa cha huyo mbwa kilikuwa rangi ya kahawa iliyokaangwa, mwili mweupe uliomwagiwa vidoa kama pilipili manga, manyoya mafupi yamelala kama nguo iliyopigwa pasi. Mkia ulikatwa akiwa mdogo, kimebaki kipande. Kila mwisho wa wiki walipanda gari, Mzungu, mume wangu na mbwa, wakaenda huko mashambani kuwinda kwale na kanga. Mume wangu alibaki garini anasinzia. Wakirudi mbwa ana matope mpaka masikioni, anakunywa maji, analala kama gunia mpaka kesho yake. Nikawa namwona ni mbwa mpole, asiye na neno.

Halafu petroli ikaadimika. Gari likasimama chini ya mti wa mkungu, mume wangu analifuta vumbi tu. Jumapili mchana hata mwenye petroli yake alikatazwa kuendesha. Mawindo yakaisha. Na kabla hatujazoea hilo, Mzungu akaugua moyo, ikabidi aende kwao kutibiwa.

Siku ya kuondoka alituita barazani mimi na mume wangu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani, cha kuamrishia vibarua, lakini siku hiyo alikisema kwa upole.

"Mama," akaniambia, "mbwa iko yako mpaka mimi rudi."

"Bwana, mimi mbwa simjui."

"Yeye taka kimbia. Kila siku. Hapana kimbia, yeye haribika kichwa."

Mume wangu akaitikia ndiyo bwana, ndiyo bwana, kama alivyoitikia kila kitu. Mimi nilikuwa namtazama yule mzee. Midomo ilikuwa ya buluu, mkono uko kichwani kwa mbwa, na machozi yanamlenga. Hakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwachia. Nikasema, "Nimepokea."

Hilo ndilo neno lililonifunga. Mtu akikuachia kitu mkononi, ukasema nimepokea, hiyo ni amana. Hata kikiwa kijiko cha mti, utakirudisha kama kilivyo au utaulizwa siku ambayo hakuna wa kukusaidia kujibu. Sikupokea mbwa. Nilipokea amana, nayo ikawa na miguu minne na mdomo wa kutafuna.

Nilimwendea maalimu wangu kuuliza. Akanambia mbwa wa mawindo au wa ulinzi kumfuga hakuna ubaya, ila mate yake ni najisi, chombo alicholamba kioshwe mara saba, mara moja kwa udongo. Nikatenga sufuria yake, kata yake ya maji, na kanga moja iliyochakaa ya kuvaa nikimhudumia. Kanga ile niliita nguo ya kazi. Sabuni ilikuwa hakuna nchi nzima, lakini udongo, nashukuru, ulikuwa haupangiwi foleni.

Kumkimbiza sikumkimbiza. Mume wangu walimpeleka shambani kuendesha trekta, akawa harudi ila mwisho wa wiki. Mimi nina foleni ya unga, foleni ya sukari, nani ana muda wa kukimbia na mbwa? Nikamfunga kamba kwenye mpera.

Siku za mwanzo alilia. Si kubweka, kulia, sauti nyembamba inayopanda na kushuka, kama mtoto aliyefungiwa chumbani. Ukimtokea ananyamaza, anakuja kukuegemea miguuni kwa uzito wake wote, ukiondoka anaanza upya. Akala kamba. Nikaleta nyingine ya mkonge, nene, nayo akaila. Akafukua muhogo wangu wote wa uani, hakuula, aliupanga tu. Akatafuna ndara za mume wangu, na ndara miaka ile hazikuwa kitu cha kwenda dukani ukachagua. Mume wangu aliporudi alishika kile kipande cha ukanda kilichobaki, akakitazama mbele na nyuma.

"Mke wangu, huyu si mbwa. Huyu ni mchwa."

"Alisema akimbizwe."

"Nimkimbize na nini, pekupeku?"

Nikacheka, lakini nilikuwa nimeanza kuogopa. Mbwa alikuwa amekonda, macho yamemtoka, anazunguka mti kutwa nzima mpaka nyasi zimekufa duara. Nikaona amana yangu inaharibika mbele ya macho yangu.

Ndipo akaanza lile jambo la ukutani.

Jirani yetu ukuta kwa ukuta alikuwa Mpemba, mwenye duka Ngamiani. Ukuta kati yetu ulikuwa wa matumbawe, mfupi, umebomoka juu. Upande wake, pembeni kabisa, palikuwa na banda la kuku. Asubuhi moja natoka kuanika nguo, namkuta mbwa amekata kamba tena, yuko ukutani. Lakini hazunguki, halii. Amesimama. Mguu mmoja wa mbele ameukunja juu, shingo ameinyoosha, kile kipande cha mkia kimekaza kama msumari, pua imeelekea palipobomoka. Hapepesi macho. Mwili mzima unatetemeka kidogo, kidogo sana, kama kifuniko cha sufuria maji yanapoanza kuchemka. Nikamwita, hakusikia. Nikamvuta masikio, hakubanduka.

Nikainua macho, nikamwona Mpemba ng'ambo ya pili. Yuko kwenye msuli, mswaki mdomoni, naye amesimama vile vile. Mbwa anamtazama yeye, yeye anamtazama mbwa. Uso umempauka.

"Salaam aleikum, kaka," nikamwambia.

Akatoa mswaki. "Wa aleikum salaam. Yakhe... huyu mbwa wa nani?"

"Wa Mzungu. Si unamjua?"

"Namjua wa kubweka. Huyu habweki." Akasogea kidogo kushoto, mbwa hakumfuata kwa macho, pua iko pale pale. "Huyu mbwa kasomeshwa."

"Kasomeshwa na Mzungu, ndiyo."

"Mzungu mwenyewe yuko wapi?"

"Kaenda kutibiwa."

"Kaenda kutibiwa," akarudia, polepole. "Kamwacha mbwa." Akaingia ndani, na mswaki wake, asiage.

Mimi sikuelewa. Kesho yake mbwa kasimama tena, pale pale, mguu juu. Na keshokutwa. Mpemba akaacha kutoka uani. Dirisha la nyuma likafungwa. Mtu ambaye kila asubuhi alikuwa akinipa salamu na habari za bei, sasa tukikutana njiani anavuka upande wa pili.

Aliyenifungua macho ni mkewe, shoga yangu. Tulikuwa tukiazimana mbuzi ya kukunia nazi. Alikuja mchana, kajifunika mpaka puani, akakaa mkekani akaulizia habari za nazi. Mwisho akanishika goti.

"Shoga, kwa Mungu, mtoe huyo mbwa."

"Nimtoe nimpeleke wapi?"

"Popote. Mume wangu hali, halali. Anasema huyo ni mbwa wa serikali. Mzungu kaenda zake, mbwa kaachwa makusudi kunusa."

"Kunusa nini?"

Akageuza macho upande wa banda lao la kuku. Na hapo ndipo nilipofahamu, mjinga mimi.

Ilikuwa miaka ya msako. Serikali ilikuwa inawatafuta walanguzi na wafichaji wa bidhaa, nyumba zinapekuliwa, watu wanachukuliwa na shuka moja tu mwilini. Tanga ni mji wa mpakani, vitu vilikuwa vikiingia kutoka Mombasa kwa njia ambazo wenyewe wanazijua. Siku zile kulikuwa na waliomwaga mafuta ya kupikia mchangani kwa hofu, na waliotumbukiza sabuni chooni, nasi tunafua kwa majani ya mpapai. Maneno yalikuwa yamezagaa mitaani kwamba wameletwa mbwa waliofundishwa, mbwa asiyebweka, akifika penye kitu anasimama tu na kuonyesha kwa pua. Nani aliwaona, hakuna. Lakini kila mtu alikuwa amesikia.

"Shoga," nikamwambia, "huyu mbwa ni wa kuwinda ndege."

"Mwambie yeye." Akashusha sauti. "Amesema atamtilia sumu. Ana ya panya, ya dukani. Nimekuja kukwambia kwa sababu nimekula chumvi yako. Usiseme nimekuja."

Aliondoka, nikabaki na mkeka wangu. Ikiwa mbwa atakufa, yule mzee anarudi kutoka hospitali na moyo wake mbovu, namwambia nini? Kwamba amana yake imekufa kwa sumu ya panya uani kwangu, nami nilikuwepo? Na nikimshtaki Mpemba kwa mtu yeyote, watakuja kumpekua, nitakuwa nimemwua mtu kwa ajili ya mbwa. Sikuwa na pa kwenda. Nikaamua nianze na lile nililoagizwa na sikulitenda. Nitamkimbiza. Huenda akichoka ataacha kusimama ukutani.

Baada ya sala ya alfajiri nikavaa nguo yangu ya kazi, nikajifunga kibwebwe, nikamshika kamba. Au niseme alinishika yeye, maana alinikokota mpaka ufukweni kama mkokoteni. Maji yalikuwa yamekupwa, tope limetandaa mbali. Nikafungua kamba, moyoni nikisema akitoroka basi, ndiyo mwisho wangu.

Jamani. Nimewaona farasi wa maonyesho, nimewaona vijana wakishindana mbio uwanjani. Sijaona kiumbe akikimbia vile. Hakukimbia kwenda mahali. Alikwenda mbali akawa nukta, akageuka, akanipita masikioni kama upepo, akaenda upande wa pili. Kila akifika mbali anasimama kunitazama kama nipo. Nikisogea anasogea. Hakutaka kutoroka hata kidogo. Alitaka nafasi, na mtu wa kumtazama.

Wanawake waliokuwa wakichokoa pweza kwenye miamba waliinuka.

"Jamani njooni! Mwenzenu kaolewa na mchumba wa miguu minne!"

"Bibi harusi, mahari kakutolea mifupa mingapi?"

Sikuwapa uso. Nikapiga mluzi, mbwa akaja mbio akasimama mbele yangu, kifua kinapanda na kushuka, anasubiri amri.

"Huyu wangu nikimwita anakuja," nikawaambia. "Wenu mkiwaita wanakuja?"

Mmoja alicheka mpaka akaangusha pweza. Tangu siku hiyo waliniheshimu.

Nyumbani alikunywa kata nzima ya maji, akalala chini ya mpera, na hakulia. Nilikaa nikamtazama, siamini. Basi ikawa ndiyo desturi, kila alfajiri, mvua au jua. Nilijifunza mambo mengine hivyo hivyo kwa kukosea. Masikio yale ya kuning'inia yakilowa maji ya bahari yanavunda ndani, yananuka kama jongoo. Nikawa nayafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya nazi. Kupe hujificha katikati ya vidole. Manyoya mafupi hayamkingi na kusi, usiku wa baridi nilimwekea gunia. Chakula kilikuwa ule unga wa njano wa msaada tuliokuwa tukipewa, uliosongwa na vichwa vya dagaa. Wengi waliukataa ule unga, yeye aliramba sufuria. Na hapendi kuachwa. Ukikaa naye karibu unakata mchicha, husemi naye neno, yeye anatosheka. Ukimfungia peke yake anaona umemtupa. Kwa ukali huendi naye popote. Ukimfokea ananywea siku nzima. Mimi ni mtu wa kufoka, watoto wangu watakwambia. Kwa mbwa yule ilinibidi nijifunze sauti nyingine.

Lakini ukutani hakuacha kusimama. Alipumzika, akaamka, akaenda taratibu pale palipobomoka, akakunja mguu wake. Sasa hakuwa na wazimu wowote. Alikuwa kama mtu anayekwenda kazini.

Asubuhi moja tumerudi kutoka ufukweni, nikasikia kitu kimeanguka uani, pwa. Nikatoka. Chini ya ukuta kuna pande la nyama, jekundu, limefungwa kwenye jani la mgomba, jani limefunguka. Mbwa ameshaliona, analisogelea.

Nyama! Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau ladha yake. Mwaka ule nyama hairushwi ukutani. Nilimpiga mbwa kikumbo kwa mwili wangu wote, nikasahau nguo ya kazi, nikasahau najisi, tukaanguka wote wawili kwenye matope ya kisimani. Nikaifunika ile nyama kwa karai, nikachimba shimo refu nyuma ya choo, nikaizika na kuweka jiwe juu. Mbwa alikaa pembeni ananitazama nikizika nyama, na kama angekuwa na ulimi angeniita mwendawazimu.

Nikajua sasa si maneno tena. Leo nimeona, kesho nitakuwa kwenye foleni ya sukari.

Siku hiyo sikuweza kumwacha uani. Nikamtoa tena, jua limeshapanda, tukapita njia ya juu, kwenye kiwanja cha zamani walichokuwa Wazungu wakichezea, sasa nyasi zimefika magotini kwa sababu hakuna wa kuzifyeka. Nikaenda natazama chini, nawaza pa kumficha. Maramba nina ndugu mwenye shamba, lakini nani atamfikisha huko, basi gani litapakia mbwa? Ghafla kamba ikalegea. Nikatazama. Mbwa amesimama. Mguu juu, shingo mbele, mkia msumari. Vile vile.

Nikasema leo hapa napo kuna sabuni?

Nikapiga hatua moja kupita alipo. Nyasi zikalipuka miguuni mwangu, prrr, kwale wawili wakaruka, mmoja kulia, mwingine kushoto, nami nikapiga yowe lililosikika mpaka bandarini. Mbwa hakuwakimbiza. Aliwatazama wakienda, kisha akanigeukia mimi, ametahayari kwa ajili yangu, kama anayeuliza: sasa, bunduki yako iko wapi?

Nikakaa kitako kwenye nyasi pale pale. Nikacheka peke yangu kama niliyerogwa. Ndege! Anasema hapa pana ndege! Ndiyo kazi yake, ndiyo maneno yake yote aliyonayo duniani, anayasema kwa mguu. Na ng'ambo ya ukuta kuna kuku.

Nikainuka, sikupita hata nyumbani. Nikagonga mlango wa mbele wa Mpemba, mbwa ubavuni. Alifungua mwenyewe. Akamwona mbwa yuko hai, akaona kamba, akaniona mimi na matope yangu. Akashika fremu ya mlango.

"Umekuja naye," akasema. "Wako nyuma?"

"Nani wako nyuma? Niko peke yangu. Kaka, nina ombi moja. Watoe kuku wako bandani, wapeleke kule kwenye mlimau, uwafunike na tenga. Banda liache wazi. Halafu niruhusu niingie uani na mbwa huyu."

"Mbwa aingie kwangu? Malaika wa rehema watatoka!"

"Watarudi. Nitafagia na kumwaga maji mwenyewe."

"Yakhe, unataka kunimaliza."

"Nataka kukumaliza hofu. Ile nyama nimeizika, sitaitaja tena. Wewe toa kuku."

Aliposikia nyama, akainamisha kichwa. Mkewe alikuwa ameshatangulia uani, namsikia anakimbizana na kuku. Tukapita ukumbini, mimi nimemshika mbwa mfupi mfupi asiguse kitu, Mpemba anatufuata kwa nyuma huku anasoma, namsikia, Ayatul Kursiyu yote bila kuvuta pumzi.

Uani nikafungua kamba.

Mbwa akaenda moja kwa moja bandani. Mpemba akaacha kusoma. Mbwa akaingiza kichwa, akanusa kushoto, akanusa kulia, akanusa chini, pale kwenye sakafu ya mbao. Sikumtazama Mpemba, niliogopa kumtazama. Mbwa akatoa kichwa, akapiga chafya kwa ajili ya manyoya. Akainua mguu, si wa mbele, wa nyuma, akakojolea nguzo ya banda. Akaondoka zake. Katikati ya uani akapata upepo, akageuka kama aliyevutwa kwa uzi, akapiga hatua moja, ya pili, akasimama. Mguu wa mbele juu. Pua kwenye tenga.

Ndani ya tenga kuku mmoja akasema, ko.

"Umeona?" nikamwambia. "Huyu hajui kitu kingine. Umpe dunia nzima achague, yeye atachagua kuku."

Mpemba alitazama banda, akatazama tenga, akatazama ile nguzo iliyolowa. Akajishika kiuno. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa puani, halafu kwa tumbo, mpaka akakaa kwenye kinu cha mkewe na machozi yanamtoka. "Kakojoa! Serikali kakojoa!" Mkewe anamziba mdomo kwa upande wa kanga, "Nyamaza, watu watasikia," na yeye mwenyewe anacheka. Nami nilikuwa nimeegemea mlimau, nafuta uso kwa ile nguo ya kazi, najisi tupu, wala sikujali. Sijui kama nimewahi tena kuhisi wepesi ule. Ni kama umebeba mtungi kutoka kisima cha mbali, ukaushusha, na shingo ikakumbuka kuwa ni shingo.

Chini ya banda kulikuwa na nini sikuuliza, na yeye hakunambia. Nilifagia uani kwake, nikamwaga maji, nikaaga. Jioni mkewe aliniletea bakuli la wali lililofunikwa kawa. Niliponyanyua kawa, pembeni ya wali kulikuwa na kipande cha sabuni ya mche, kimefungwa kwenye karatasi. Nilifua nguo zote za nyumba. Hata kanga ya mbwa.

Tokea hapo Mpemba akampa mbwa cheo. Akimwona ukutani anapiga saluti: "Afande! Hesabu kuku, wapo kamili?" Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza kama nikienda foleni namwacha na nani, na mara nyingine yeye mwenyewe alisimama pale ukutani akimwongelesha asijione mpweke. Hakumgusa kamwe. Maneno tu.

Mzungu alirudi wakati wa mvua za vuli. Alishuka garini amebaki nusu ya alivyokuwa, anatembea kwa fimbo. Nilikuwa nimejiandaa na maneno, nikayasahau. Mbwa alitoka nyuma ya nyumba, akasimama. Nilidhani atamrukia na kumwangusha, nikapiga hatua kumzuia. Hakuruka. Alitembea, wallahi alitembea kama anayebeba maji kichwani, akaenda akamwegemea mzee miguuni, taratibu, akitazama asimuelemee. Mzee akampapasa mbavu, akampapasa miguu, akafunua sikio akanusa ndani.

"Safi," akasema. Akanitazama. "Yeye kimbia?"

"Kila siku, bwana."

"Nani kimbiza?"

"Mimi."

Alinitazama kanga yangu, akatazama umri wangu. Akatoa mkono kunipa. Nikaupokea kwa upande wa kanga, kwa kuwa ulitoka kwenye sikio la mbwa. Usiku ule nililala bila kugeuka, mume wangu akadhani naumwa.

Mzee hakuweza tena kwenda mawindo, kwa hiyo alfajiri niliendelea mimi, mpaka miguu yangu na ya mbwa ikachoka pamoja. Ikaja ruksa, maduka yakafunguliwa, vitu vikarudi, ghali lakini vipo. Siku moja tunatoka ufukweni, naona Mpemba anapakia gari mbele ya nyumba yake, mchana kweupe, maboksi ya sabuni yamepangwa barabarani mpaka kiunoni, hata turubai hakufunika. Watu wanapita, hakuna anayegeuka. Mbwa alikuwa mzee sasa, pua imekuwa nyeupe. Alipita kati ya maboksi yale bila kuyanusa.

"Afande!" Mpemba akaita. "Siku zote umenitafuta, leo nimetoa yote hadharani, hukagui?"

Mbwa hakumsikiliza. Alikuwa ameingia kwenye lango lililo wazi, amefika uani, na tukamwona kwa mbali amesimama mbele ya banda, mguu juu, unatetemeka kwa uzee, lakini uko juu.

"Mwache," nikamwambia Mpemba. "Yuko kazini."

Basi, mjukuu wangu, mbwa wako hana wazimu. Amka alfajiri.